Ataingilia Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini nilishona gauni lisilovalika. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, nimetoka Ihanda kuja Tunduma, na Fundi Mkuu, mama wa Kinamwanga mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, akaniweka kwenye cherehani. Nikaunga kila upande, shingo nikaibana ikapendeza. Nafasi ya zipu sikuacha.

Fundi Mkuu akaligeuzageuza. "Zuri. Sasa mteja ataingilia wapi? Au tumkunje kama shuka?"

Duka zima lilicheka. Nilifumua mpaka vidole vikauma. Swali lile ndilo shule yangu. Kwa hilo nilipanda nikawa mkataji, anayechora na kukata kitambaa kabla hakijashonwa, kisha nikafungua duka langu, kisha chuo cha ufundi kikaniita nifundishe. Mimi, wa darasa la nne! Wenye vyeti walinuna, na kukunja pindo hawajui.

Mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha, simu ziliingia darasani. Atupele, binti wa Isongole, aliandika maneno machache, akili mnemba ya simuni ikamtolea picha ya gauni lenye marinda, yale makunjo, yakizunguka mwili kutoka begani hadi gotini. Akataka kulishona kwa mtihani wa mwisho. Alikuwa anarudia mwaka. Nafasi nyingine hakuna.

Mkuu wa Chuo akaja juu. "Ubunifu wa simu si wa mwanafunzi. Namfuta kwenye mtihani."

Niliitazama ile picha. Zipu hakuna, kifungo hakuna.

"Mkuu, mpe siku tatu. Mashine imerudia kosa langu la siku ya kwanza. Akilitatua, gauni ni lake."

Nikamgeukia binti. "Ataingilia wapi?"

"Mwalimu, kwenye picha haionyeshi."

"Picha haivai nguo, mama."

Alikata, akafumua, akalia, akafumua tena. Siku ya tatu akamvalisha mwenzake. Mkuu alimzunguka yule msichana mara mbili akitafuta. Atupele akainua rinda moja ubavuni: zipu imelala chini yake.

"Simu ndiyo iliyokuambia?"

"Hapana, Mkuu. Simu haina mbavu."

Mkuu akamruhusu. Akafanya mtihani, akafaulu.

Nimestaafu nikiwa na shukrani. Namshukuru Fundi Mkuu kwa kicheko chake, na hata ile simu, kwa kukosea vizuri. Siku ya kuniaga, Atupele alinipa gauni alilolichora mwenyewe kwa penseli. Nikavaa miwani, nikaligeuzageuza ndani nje. Nikatafuta zipu, wapi! Mbele ya watu wote nikamuuliza mwanafunzi wangu:

"Haya, mwalimu, naingilia wapi?"