Aliye Hai Kwenye Jiwe la Kaburi

Jumamosi, ndani ya tramu ya kwenda mtaa wa Edgbaston, huku ughaibuni, muuguzi mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa kwenye simu ya video na kaka yake aliye Kenya. Fundi alikuwa akisubiri picha ya kuchonga kwenye jiwe la kaburi la mama yao. Kaka alitaka mama awe peke yake. Muuguzi, ambaye hakuwahi mazishi, alitaka ile waliyopigwa siku aliyosafiri, mama akimpa mkono pale uwanja wa ndege.

"Mtu aliye hai hawekwi kaburini," kaka alisema. "Huko ni kujiitia mkosi."

Binti wa muuguzi alikuwa kando yake na kitabu cha shule kuhusu sanaa ya Ugiriki. Mama yake alikichukua, akaielekezea simu picha ya wanawake wawili wa mawe walioshikana mikono.

"Hili ni kaburi la Wagiriki wa kale. Aliyeketi ndiye marehemu. Aliyesimama yuko hai, anamuaga. Ndiyo iliyokuwa desturi yao."

"Na huyo aliyesimama yuko wapi sasa?"

"Si alikufa, zamani hizo."

"Umeona?"

Muuguzi alikifunga kitabu. "Kaka, sikumtupia hata konzi ya udongo. Niacheni hapo nimshike mkono."

Tulipita vituo viwili.

"Sawa," kaka alisema. "Lakini jina lako hatuandiki."

Binti alipofungua kitabu tena, nilichungulia maelezo chini ya picha. Jina la marehemu lilikuwepo. La aliyesimama, yalisema, halikuchongwa.

Huenda naye alikuwa na kaka.