Nilimwonea Shemeji Wivu kwa Kufukuzwa

Nimewahi kuwaonea watu wivu kwa pikipiki, kwa meno meupe, hata kwa wake zao. Kumwonea mtu wivu kwa kufukuzwa kazi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Tulikuwa wawili katika kiwanda cha kukoboa kahawa Bukoba, mimi na mume wa dada yangu. Mimi ndiye niliyempeleka pale. Yeye alishona magunia, mimi nilikaa kwenye mizani. Tangu nilipoacha shule darasa la sita nimezunguka sana: Mutukula, Geita, visiwani, kisha tena Bukoba. Kila mahali niliondoka mwenyewe kabla hawajanichoka. Kwa hiyo uvumi wa kupunguza wafanyakazi ulipoanza, sikusubiri. Niliandika barua ya kuacha kazi, nusu ukurasa, nikamkabidhi meneja mkononi.

"Unakimbia nini?" shemeji aliniuliza.

"Mwanaume haondolewi kama kuku jikoni."

Wiki iliyofuata orodha ilibandikwa getini. Yeye alikuwamo.

Alikuja chumbani kwangu Rwamishenye akiwa na bahasha. Alikuwa amesikia kwamba mfuko wa hifadhi ya jamii tuliokuwa tunachangia hulipa fao la kukosa ajira, kwa miezi kadhaa, mtu akiwa anatafuta kazi nyingine. Hakujua aanzie wapi. "Wewe unajua mambo ya ofisi," alisema. Ni kweli, napenda kujua. Tangazo lao nilikuwa nimelisoma ukutani mara mbili, bila kumaliza mistari ya chini. Nikajaza fomu mbili, yake na yangu, kwa kalamu moja.

Dirishani, kwenye ofisi ya mfuko, alikuwapo dada mmoja mpole. Alizipitia karatasi za shemeji: kitambulisho, picha, namba ya akaunti ya benki, barua ya mwajiri. Akamwambia alete nakala kivuli moja zaidi ya barua ile, basi. Zangu alizigeuza nyuma na mbele kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Barua ya mwajiri iko wapi?"

"Hiyo hapo."

"Hii umeiandika wewe. Ni wao walikuondoa, au uliondoka?"

"Wangeniondoa."

"Lakini hawakukuondoa, kaka. Fao hili ni la walioondolewa."

Shemeji alitazama dari. Aliitazama kwa muda mrefu, na nilijua anazuia kicheko.

Kesho yake nilirudi kiwandani kumwomba meneja anifukuze. Nilimwambia aandike tu tarehe ya nyuma. Alitoa faili, akaisoma barua yangu hadi mwisho. "Mwandiko mzuri," alisema. "Ila siwezi kumfukuza mtu ambaye hayupo."

Jumapili nilikwenda nyumbani kwetu Ijumbi. Kivuli cha barua ya shemeji kilikuwa katika mfuko wa shati langu. Alinituma nikitoe mjini kwa kuwa naishi karibu na mashine ya kutolea nakala. Nilimkuta kwa baba, yeye na dada yangu, wameketi. Baba alikuwa amemwekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayowawekea wageni wa heshima.

"Huyu mkwe wangu ni mwanaume," baba alianza kabla sijakaa. "Aliona wanataka kumchezea, akawaachia kazi yao. Si ndivyo, mkwe?"

"Ndiyo, tata," alisema shemeji, akatafuna.

"Na wewe, safari hii wamekufukuzia nini?"

"Tata, huyo usimwulize," dada alisema. "Akianza kuhesabu, kutakucha."

Wakacheka, hata shemeji. Fao ni lake, na sasa amechukua hata kuondoka kwangu, kitu pekee nilichokuwa nimebaki nacho. Nilishika mfuko wa shati. Ningetoa karatasi ile, kicheko kingeisha. Lakini wangeniuliza yangu, na ningelazimika kueleza jinsi nilivyokimbia kabla sijafukuzwa na mtu. Nikachukua kahawa. Zilikuwa zimebaki za chini, zilizopasuka.

Baadaye shemeji alinifuata migombani.

"Umekileta?"

"Ninacho."

"Sasa shemeji, kuna jambo. Mzee anataka kuiona barua niliyowaandikia kiwandani. Niandikie moja kama ile yako. Wewe una mwandiko."

Nilimtazama. Hakuwa na aibu. Alikuwa na haraka. Nikamwomba kalamu, nikakiweka kivuli chake juu ya goti, nikakigeuza, nikaandika upande ule mweupe. Nusu ukurasa, maneno yale yale niliyompa meneja. Niliandika kwa utulivu zaidi kuliko mara ya kwanza.

"Mbona nyuma ya hii?" aliuliza.

"Karatasi ni moja. Ukiipeleka ofisini, mzee hataiona. Ukimpa mzee, unajua anavyopenda kugeuza karatasi."

Nikamwachia. Nilipofika njiani niligeuka. Alikuwa bado amesimama kati ya migomba, akiisoma upande mmoja, kisha upande wa pili.