Maua Yaliyoamua Kesi ya Kiwanja

Vita vya Maji Maji vilipotulia, tulirudi kijijini kwetu Mtunda tukakuta majivu matupu. Mama na jirani yake wakagombania kiwanja, kila mmoja akigonga ardhi kwa kisigino: "Hapa ndipo kwangu!"

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi mama akapiga vigelegele. Maua mekundu aliyoyapanda zamani mlangoni, yale yanayolala ardhini kama vitunguu kiangazi chote, yalikuwa yamechanua safu nzima.

"Shoga, mlango wangu huo, umeuona?"

Jirani akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa kwenye matope. "Nimeshindwa. Lakini nigawie na mimi nipande, askari wakituchomea tena nijue kwangu."

Wakapanda huku wakiimba. Nanyi mnaogombania mipaka kwa jumbe, pandeni maua. Jumbe atakula kuku wenu. Maua hayali kitu.