Kidole Kilichogoma Kutoa Damu

Fundi wa magauni ya harusi alikuwa amejidunga sindano maisha yake yote pasipo kutaka. Siku alipotaka mwenyewe, damu ilimgomea.

Mumewe alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine. Uvumi ulipomfikia kwamba mwanamke huyo anatibiwa kaswende, fundi alikosa raha. Zahanati alikwenda. Karani wa mapokezi, badala ya kumwita kwa staha, alipaza sauti benchi zima likasikia: yule mama wa kaswende yuko wapi? Ni kwa haki gani mtu avuliwe heshima mbele ya umati kabla hajamwona hata daktari? Fundi aligeuka akatoka, akaapa kutorudi.

Kipimo cha nyumbani cha kaswende na virusi vya ukimwi aliletewa na wifi yake, dada wa mume, mtu ambaye angetaka ajue mwisho kabisa. Wifi hakuja kumtetea kaka. Alisema tu kwamba anamjua, wamelelewa nyumba moja.

Wakafunga mlango wa chumba cha kushonea, wakazima pasi. Ukutani lilitundikwa gauni jeupe likingoja pindo. Kwa kuogopa kulitia doa, maana mkono wa kushoto ndio unaoshika kitambaa, fundi alitoa kidole cha kati cha mkono wa kulia, kile kinachosukuma sindano mchana kutwa. Kisindano cha kwanza kati ya viwili vya kipimo kikalia ta. Akakamua mpaka ncha ya kidole ikawa nyekundu, lakini kavu kabisa. Kilibaki kisindano kimoja.

“Wifi, ngozi hii ni ya kushonea viatu,” alisema wifi. “Lete mkono wa kushoto, kidole kile kivivu.”

“Na gauni?”

“Litangoja. Wewe umengoja vya kutosha.”

Kidole kivivu kilikuwa cha pete, ambacho siku hizi hakikuvaa kitu. Hicho hakikubisha: tone likajaa, likadondoka kwenye kadi ya kipimo pale palipotakiwa. Fundi akaipa kadi mgongo. Wifi, ili kuupitisha muda, akamsimulia jinsi kaka yake alivyokuwa akificha kipande chake cha sabuni chini ya godoro, ndugu zake wasije wakakigusa.

Muda ulipotimia, wifi ndiye aliyetazama. Mstari mmoja tu, ule wa juu, unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Wa kaswende haukuwepo, wala wa virusi vya ukimwi. Akarudia maelezo neno kwa neno: baada ya miezi mitatu ya kutengana, jibu hili ni la kuaminika, na fundi na mumewe walikuwa wameipita zamani.

Mabega ya fundi yalishuka kama ya mtu aliyetua ndoo kichwani. Akafuta macho kwa kiganja.

“Kaka yako bahili,” alisema. “Hata ugonjwa hakuniachia.”

“Tangu utotoni,” alijibu wifi.

Wakacheka hadi wakashikana. Fundi akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki, akafungua mlango, akalishusha gauni ukutani.