Bibi Mlangoni mwa Sinagogi la Marumaru

Usiku ule Bibi alinijia akiwa ameshika ndara zake mkononi. Alikuwa amefariki miaka kumi na minne nyuma, na mimi nilikuwa nimelala na miwani usoni, tabia ambayo mke wangu anasema ni ya mtu anayetaka kuona ndoto zake vizuri.

Nieleze kwanza aliponikuta. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiingia katika mji ulio ndani ya kompyuta, ambako watu wa nchi nyingi hutembea kwa miili ya kuchora. Mimi nilijichorea kijana mwenye nywele na asiye na kitambi. Wanafunzi wangu wa chuo wasingenitambua. Mji ule una mtaa wa Kiyahudi, na mimi ni Myahudi, wa zile familia chache za milimani kwetu, kwenye mashamba ya viazi, ambazo wazee wake walisoma Torati wakaamua kuishika. Jijini ninakoishi sina jirani wa imani yangu. Mtaani mle niliwapata tele. Kila Ijumaa, kabla Sabato haijatukataza kugusa kompyuta, tuliwasha mishumaa ya kuchora na kutakiana amani, kila mtu kwa saa ya kwao. Siku moja nilibishana juu ya aya ya Torati na mwanamke aliyejipa umbo la twiga. Alinishinda, na nilifurahi wiki nzima.

Halafu Mirela, msimamizi wa mtaa, akanipa kiwanja. "Tujengee sinagogi la kwenu," aliniandikia. "Jumapili tunalizindua."

La kwetu ni la udongo na mabati. Nilimkumbuka mgeni mmoja aliyewahi kuniuliza mtaani mle, kwa adabu kabisa, kama sisi ni Wayahudi wa kweli. Basi nikajenga la marumaru. Nguzo nane, kuba la dhahabu, madirisha ya vioo vya rangi. Nikatundika kibao chenye jina la kijiji chetu, nikaenda kulala nikiwa msomi aliyeridhika na nafsi yake.

Ndipo Bibi akaja.

Amesimama mlangoni pa sinagogi langu, mchana kweupe, kitambaa chake cha Sabato kichwani. Yeye si mchoro. Visigino vyake vimepasuka vilevile. Nataka kumkimbilia, nakumbuka nimevaa mwili wa kijana asiyemjua, naona haya.

"Mume wangu," ananiita, kama alivyoniita tangu utotoni, "hizo nywele umezitoa wapi?"

Nashika kichwa: kipara kimerudi. Kitambi nacho kimerudi. "Karibu ndani, Bibi."

Haingii. Anatazama kulia, anatazama kushoto. "Viatu tunaweka wapi?"

Kwetu hakuna anayeingia sinagogi na viatu. Wayahudi wa kwingine huingia navyo, na nilipojenga sikuiweka rafu ya viatu mlangoni, makusudi, tusionekane washamba. Namwambia kwamba huku hawavui.

"Sijakuuliza wao."

Anaupapasa ukuta. "Huu aliukandika nani?"

"Hakuna, Bibi. Nilibonyeza."

"Ndiyo maana una baridi."

Nyuma yake watu wamejaa. Twiga yupo, Mirela yupo, na yule mgeni wa lile swali yupo pia, safari hii ana kichwa cha simba. Anamwinamia Bibi. "Mama, ninyi mlianza lini kuwa Wayahudi?"

Natamani marumaru inimeze.

"Sabato ya kwanza tulishinda na njaa," anasema Bibi, kama anayesimulia habari za jirani. "Tulisoma kwamba moto usiwashwe. Hatukujua kwamba chakula hupikwa Ijumaa kikafunikwa vizuri. Nani angetufundisha? Watoto wanalia, majirani wanatucheka ng'ambo ya ua, na mahindi tunayo, na kuni tunazo. Hatukuwasha. Tulianza siku hiyo. Na wewe, baba, ulianza lini?"

Simba anainama na kuanza kufungua kamba za viatu vyake. Twiga naye anahangaika na miguu yake minne.

Sijui ukuta umegeuka saa ngapi, lakini sasa ni udongo mbichi, na nimepiga magoti kando ya Bibi, mikono imezama hadi kwenye viwiko. Wanawake wa kwetu, ambao wengine nawajua kwa makaburi yao tu, wanapita na madebe ya maji wakitaniana. Bibi anabandika donge, analilainisha kwa kiganja, anabandika jingine. Nafanya kama yeye, vibaya. Kifua kimenijaa. Nina miaka hamsini na miwili na sijawahi kujivuna hivi, hata siku ile niliyovishwa joho la udaktari nikazunguka nalo mpaka sokoni.

Ananigeukia. Uso wake umeanza kufifia, nami najua ninaamka na sitaki.

"Usiniazimie nyumba," anasema. "Ninayo. Waingize humo."

Nikafungua macho. Kulikuwa kumekucha. Mke wangu alikuwa amesimama na kikombe cha chai, akitazama kiganja changu kikisugua ukuta wa chumba.

"Baba Eli, hiyo rangi tumepaka juzi."

Niliwasha kompyuta nikaziondoa nguzo, moja moja, kisha kuba, kisha vioo. Kiwanja kilipobaki kitupu nikampigia simu mama, ambaye bado anaishi kule milimani.

"Mama, nipigie picha za ukuta wa sinagogi. Kwa karibu kabisa."

"Upi? Huo wenye nyufa?"

"Huohuo. Na nyufa usiziache. Jumapili nawaleta wageni waone alichojenga Bibi. Watu wa nchi nyingi."

Nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, mabenchi ni manne tu."

Nilianza kumweleza kwamba wageni wenyewe watakuwa wameketi makwao, nikaona ninamharibia furaha yake.

"Watabanana, Mama," nikamwambia.