Ziwa Likiwa na Msiba

Mwaloni kwetu, hapa mitumbwi inapoegeshwa upande wa Ukerewe, mtu akizama hakuna anayevua. Ndivyo nilivyokuta nilipoolewa. Mitumbwi yote huvutwa mchangani, na unaoingia majini huingia kutafuta tu. Watu husema ziwa lina msiba. Nilikuwa bado mgeni nilipoliona jambo hilo, nikamuuliza mume wangu, na wasipompata? Akasema, "Wanampata. Ziwa hurudisha." Alikuwa mtu wa maneno machache. Hayo nimeyakumbuka kwa sababu nilimwamini.

Kazi yangu ni kushona nyavu. Shule niliishia darasa la saba. Mume wangu alivua dagaa kwenye mtumbwi wa tajiri. Tajiri ndivyo tunavyomwita mwenye vyombo, hata kama shati lake lina viraka. Huyu wetu ana mitumbwi mingi kuliko wenzake, na si mtu mbaya. Nalisema mapema, kwa sababu anayesoma anaweza kufikiri vingine.

Dagaa huvuliwa wakati wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, kazi inalala. Kwa hiyo siku za giza watu huzishika kama mtu anayeshika maji kiganjani. Na mwaka wa msiba wetu lilikuwa limeanza kuja lori la kiwanda cha chakula cha kuku kutoka Mwanza. Lilichukua dagaa wote, wabichi na wakavu, wasafi na wa mchanga. Sisi wa kando ya ziwa tukawa tunakula majani ya kunde huku dagaa wakipita mbele yetu kwenda kwa kuku.

Upepo ulikuja alfajiri. Wenzake walirudi bila mume wangu. Rafiki yake aliyevua naye tangu ujana alikuja akasimama mlangoni, hakuingia. Suruali yake ilikuwa inachuruzika maji. Nikajua.

Siku hiyo mitumbwi ilivutwa, wakatafuta hadi jua likazama. Kesho yake mchana tajiri akaitisha kikao mchangani. Mimi nilikuwa kwenye mkeka barazani na wanawake wenzangu, na baraza yetu iko karibu na maji, kwa hiyo nilisikia yote. Binti yangu alikuwa ameshafika kwa kivuko. Amemaliza kidato cha nne, anafunga mizigo kiwandani Nyakato, Mwanza.

"Jamani," tajiri akasema, "marehemu alikuwa ndugu yangu. Jeneza ni langu, unga na sukari ya msiba ni juu yangu. Lakini giza linaisha. Jioni tushuke majini, na huko huko tutamtafuta."

Binti yangu akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Asante. Nauliza tu. Anayevua anaangalia taa na wavu. Baba mtamwangalia saa ngapi?"

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyo agombee udiwani!" Watu wakacheka, kile kicheko cha kutaka jambo lipite.

"Nikigombea, utakuwa hai kunipigia kura?" binti yangu akamjibu. "Maana wa kuzama ni wewe, si mzee."

Kicheko kikakatika. Tajiri hakukasirika. Alisema kwa upole, "Mwanangu, mimi nikisimama, wa mwalo wa pili hasimami. Lori litakwenda kwake na halitarudi. Hawa vijana watakula nini?"

"Ndiyo maana nasema wote wasimame. Wewe, na wa mwalo wa pili, na lori lenyewe. Hawa dagaa hakuna aliyewapanda, mzee. Ni wa ziwa, na ziwa ni letu sote. Tukiuza mpaka siku ya kumtafuta mtu, tutabaki na nini ambacho hakiuzwi? Giza lingine litakuja. Baba hana zamu ya pili. Sijasema faida ife. Nimesema isubiri."

Rafiki wa mume wangu alikuwa akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Nilingoja aseme neno moja. Mwanamke mmoja pembeni yangu akanong'ona, "Mtoto kasema." Basi, ikaishia hapo.

Jioni walishuka. Taa zilipowaka, ziwa likawa kama mji. Zamani niliupenda mwanga ule. Siku hiyo kila taa niliyoiona ilikuwa watu wanaotazama penginepo.

Mume wangu alirudi mwenyewe. Mawimbi yalimweka kwenye matete, wakamkuta wanawake waliokwenda kuchota maji. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezongwa na kipande cha wavu wa dagaa. Wazee walitaka kukitoa kabla sijakiona. Nikawaomba wanipe.

Wavu ukinasa kwenye jiwe huchanika hovyo, nyuzi zinavutika na kuota manyoya. Kipande kile kingo zake zilikuwa zimenyooka. Kilikatwa kwa kisu. Na kwetu kila mtu anajua kwamba mtumbwi uliopakia maiti hauvui tena mpaka uombewe na familia iridhie. Ungelala mchangani mpaka mwezi utoke.

Binti yangu alitazama kile kipande, akanitazama mimi.

"Walimpata," akasema.

Tulizika. Wale waliobeba jeneza ndio wale wale wa mtumbwi wake.

Baada ya matanga, yule rafiki alikuja bandani kwangu na wavu begani. "Shemeji, tajiri anaomba uushone. Una tundu."

"Ulinasa wapi?"

"Kwenye jiwe."

"Jiwe lina kisu?"

Akautua wavu, akakaa chini. "Dagaa walikuwa wengi, shemeji. Wengi ajabu, wamejaa chini ya taa. Tukasema tumwache kidogo, asubuhi tutarudi kumchukua. Tulirudi. Haki ya Mungu tulirudi."

Sikumuuliza nani alishika kisu. Niliutandaza wavu magotini, nikapitisha vidole kwenye tundu lile, nikaukunja. "Mrudishie. Mwambie hili siwezi kulishona."

Tajiri alikuja mwenyewe. Alivua kofia, akasema hakujua, na machozi yakamtoka. Namwamini. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Kama angewaagiza, ningemchukia yeye na ingekuwa nafuu. Lakini hakuna aliyeagiza. Watu waliokula kwangu, waliombeba binti yangu mgongoni, walimshika rafiki yao mkononi, wakaona giza linaisha.

Wavu ulishonwa Igogo, kule Mwanza. Ulirudi na kiraka cha uzi wa bluu, na fundi hakushona vibaya. Wakiutandaza mchangani naupita kwa mbali.

Binti yangu sasa akipata likizo hakai nyumbani. Anatembea mwalo kwa mwalo, mpaka kule Nansio, akiwaomba matajiri wote wakubaliane jambo moja, kwamba mtu akizama wote wasimame, kusiwe na wa kumpita mwenzake. Wanamkaribisha vizuri. Wanampa soda. Kila mmoja anamwambia atakubali wengine wakikubali.

Giza lililopita alikuwa hapa. Jioni ile mawingu yalikuwa yamesimama upande wa kusini, meusi, na maji yalikuwa yametulia kuliko kawaida. Mitumbwi ilikuwa inasukumwa, wavuvi wote wako mchangani. Yule rafiki akatoka kati yao, akamjia binti yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, nisipoonekana, waambie wasimame."

Binti yangu akawatazama wale wavuvi. "Baba mdogo," akasema, "si wote wako hapa? Waambie wewe, sasa hivi."

Aliwageukia wenzake. Nilimwona amefungua mdomo. Kisha akatazama juu barabarani, lori lilikokuwa limeshafika kulala kungoja asubuhi, na dereva wake akiwa ameketi juu ya mageti ya nyuma, akila muwa.

Yule rafiki akaenda akapanda mtumbwini, akakaa mahali pa mume wangu.