Kamba ya Mafundo Niliyoitupa Pipani

Hili sikuhadithiwa, limenifika mwenyewe, alasiri, nikiwa na akili zangu timamu. Ukipenda, cheka. Mume wangu naye alicheka, mpaka alipoviona viatu vyangu.

Mimi ni Mpemba wa Wete, naishi Hayes, na kazi yangu ni kupiga picha ramani kongwe katika ghala moja la kumbukumbu hapa London. Siku hiyo nilikuwa na ramani ya karne ya kumi na nane: mpaka wa koloni la Waingereza huko Amerika, misitu na mito mitupu. Chini yake, kwa mwandiko wa madaha, limeandikwa jina la afisa aliyeichora. Ndani ya jalada mlikuwa na kamba chakavu yenye mafundo. Nikaiona taka, nikaitupa pipani.

Mara nikasikia, "Hodi."

Nami, kwa mazoea ya kwetu, nikaitika, "Karibu!" Lo, kosa gani hilo! Bibi alitufunza tangu utotoni: hodi usiyoijua usiiitikie mpaka ya tatu, maana wasio watu hupiga moja tu. Na chumba kile hufunguliwa kwa kadi. Nani hapa London angepiga hodi kwenye mlango wa chuma?

Akaingia, na mlango haukufunguka. Mtu mzima, mweusi kama baba yangu, suruali imelowa tope hadi magotini, begani kabeba mnyororo wa kupimia ardhi. Wallahi nilirudi nyuma hadi ukutani.

"Kamba yangu i wapi?" akauliza, kwa upole kabisa.

Nikaonyesha pipa. Hakuinama. Akanitazama tu, nikaelewa kuwa aliyeitupa ndiye wa kuiokota. Papo hapo Mama Achieng, msafishaji wetu Mkenya, akaita kutoka nje, "Salma, leta taka basi! Treni ya Croydon hainingoji!"

"Leo sina taka, Mama!" nikajibu, nimelikumbatia pipa.

Nikainyoosha kamba mezani. Yule mtu akanielekeza kwa kidole: fundo dogo ni urefu mmoja wa mnyororo, fundo kubwa ni mto. Nikahesabu huku napima ramani kwa rula. Mto wa kwanza, sawasawa. Wa pili, sawasawa. Hadi wa saba, hakukosea hata mmoja!

"Afisa alivuka mingapi?" nikamuuliza.

"Mmoja. Sita alinisubiri kambini."

Hofu yote ikanitoka. Hana karatasi, hana wino, maji yamemfika kiunoni, na nchi nzima kaifunga kwenye kamba! Nilimpenda fundi yule, sikufichi. Akatabasamu, akageuka, na kufumba na kufumbua hakuwapo. Sakafu ilikuwa imelowa, na viatu vyangu vimejaa tope.

Kamba sasa ina sanduku lake na namba yake, na wasomi huja kuistaajabia. Tope la viatu vyangu nimelisugua kwa kila sabuni, halitoki. Lakini linaloniuma ni jingine. Nilipokuwa naijaza fomu ya ile kamba nikafika penye "jina la mtengenezaji", mkono ukasita. Niliuliza habari za afisa, ambaye jina lake lilikuwa mbele ya macho yangu. Yeye sikumuuliza lake. Nikaandika: hajulikani.

Kila alasiri sasa nautegea mlango sikio, naiomba hodi ile moja.

Basi nawe, nisikilize: hodi usiyoijua usiiitikie. Ila ukishasema karibu, hata kwa mzimu, anza kwa kumuuliza jina.